Kibali cha Safari ya Lituhi

Mimi sina dogo, na waliofanya kazi nami Mbinga wanalijua hilo. Mfumo wa saini za kidijitali ulipoletwa ofisini kwetu, ofisi ndogo ya kuhudumia wakulima wa kahawa, niliambiwa niusimamie mimi: nani anaomba, nani anapitisha, nani anamalizia. Nikagombana na karibu kila mtu. Mtunza stoo alikuwa anampa dereva namba yake ya siri amsainie. Nikamwambia basi ampe na cheo kabisa.

Kaka wa usafiri peke yake hakunisumbua. Alikuwa mtu wa Lituhi, kule ziwani, mpole mpaka anakera. Vibali vya magari vilianzia kwake. Asiposaini yeye, ombi halipandi kwa mkuu, na bila kibali mlinzi hafungui geti.

Mfumo ulitaka kila mwenye kusaini awe na mbadala, wa kushika nafasi yake asipokuwapo. Nilipouliza kwenye kikao tumwandike nani badala ya kaka, watu wakaangalia meza. Kwetu mtu mzima mwenye afya yake hatafutiwi wa kukalia kiti chake. Ni kumtabiria mabaya. Mama wa mapokezi akaniambia, "Wewe dada, acha uchuro wako." Kaka mwenyewe akacheka. "Hata nikiwa likizo nitasaini kwa simu, dada yangu." Na kweli, akiwa likizo alisaini akiwa ufukweni, amesimama kando ya usipa, dagaa wa kule, ulioanikwa na mama yake. Nafasi ya mbadala ikabaki tupu.

Presha ilimwangusha siku ya Alhamisi. Ijumaa akafariki.

Ndugu wakaamua azikwe Jumamosi huko huko Lituhi, ubavuni mwa baba yake. Mama yake hawezi tena kupanda gari kuja huku juu, miguu imemchoka. Alituma neno moja tu: udongo usimwagwe kabla hajamwona mwanawe uso. Masika yalikuwa yamekolea, barabara ya kuteremka ziwani ilikuwa tope tupu, na gari la kuiweza lilikuwa la ofisi. Tukichelewa kutoka, giza litatukuta njiani na mama yule atakaa na kaburi wazi.

Asubuhi nilijaza ombi la gari, nikatuma. Kioo kikaniandikia kwamba ombi linasubiri saini. Chini yake, jina la marehemu.

Nilikodoa macho. Yeye yuko chumba cha maiti, na gari la kumpeleka kwao linamsubiri yeye asaini.

Nilipiga simu makao yetu makuu Songea, maana ndio pekee wanaoweza kubadilisha mpitishaji. Jumamosi, nani apokee? Mkuu akasema kwake hakujafika kitu cha kubonyeza. Dereva akasema bila kibali hagusi usukani. Gari likiteleza mlimani na watu ndani, atamjibu nani? Mlinzi, macho mekundu kwa kulia, akasema marehemu mwenyewe ndiye aliyemwonya asifungulie gari lisilo na kibali. Nilimtukana. Aliendelea kulia, ufunguo mkononi. Hakuna aliyekosea pale, na hicho ndicho kilichozidi kuniwasha moto.

Simu ya marehemu alikuwa nayo mkewe. Nikaenda msibani, nikapita katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka, nikapiga magoti mbele ya godoro lake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Wifi, nisamehe. Nina shida na simu ya kaka." Nikamweleza yote.

Akaitoa chini ya kanga. Ilikuwa na chaji. "Watu bado wanampigia," akasema. "Wengine hawajasikia."

Aliifungua mwenyewe, nikamwonyesha pa kuingia, namba ya siri ilikuwa imehifadhiwa humo humo, ombi likatokea. Alilisoma polepole: gari, dereva, njia. Mfumo una sehemu ya abiria na sehemu ya mizigo. Jina la mumewe nilikuwa nimeliweka kwa abiria, la kwanza kabisa. Kuliandika kwenye mizigo mkono wangu ulikataa. Akaligusa kwa kidole. Kisha akashuka mpaka chini.

"Wifi, mbona hapa umeandika abiria wote wanarudi kesho?"

Nilitaka kumweleza kwamba mfumo haupokei ombi lisilo na siku ya kurudi, kwamba nilijaza kwa haraka, kwamba nitafuta. Mimi niliyetoka kumtukana mlinzi nililia mpaka wale akina mama wakanishika.

"Usifute," akasema. "Acha hivyo hivyo." Akabonyeza.

Mkuu naye akapitisha, geti likafunguliwa. Tulifika Lituhi bado kuna mwanga. Mama yake alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamsemesha kwa Kinyasa, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Tukamzika.

Kesho yake tulirudi Mbinga. Safari ile bado iko wazi kwenye mfumo, kwa sababu ni mimi ninayetakiwa kuifunga. Kila nikiingia unaniuliza kama abiria wote wamerudi, na mimi sijajibu.