Radi Alivyoacha Kurukia Wageni

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, kwa sababu nilimsikia baba akisema pale zizini kwamba Jumamosi ijayo mbwa wangu atakula mkuki. Wazee wa Issenye walikuwa wanakuja kwetu Genkuru kuniposa. "Akimrukia hata mmoja," alisema, "namaliza naye hapo hapo."

Na wewe nasikia mbwa wako anawachania watoto soksi, unataka kumgawa kwa madereva wa malori Sirari. Eti mkorofi wa kuzaliwa! Nyamaza kidogo unisikilize.

Mbwa wangu aliitwa Radi, na mkorofi nilikuwa mimi. Tangu akiwa mdogo nilimlisha ugali nikiuinua juu ili aruke, na aliporuka nilicheka mpaka machozi. Tukichunga ndama, nikamfundisha kuwang'ata visigino wasiingie kwenye mtama wa watu. Kazi hiyo aliiweza! Basi akaona visigino vyote ni vya ndama. Jana yake alikuwa amemrukia shangazi akitoka mtoni, akamchania kitenge na kumwangusha na ndoo yake.

Nilikimbilia kwa bibi, mama yake baba, nikilia. Nilitegemea anionee huruma. Wapi! Alinitazama juu hadi chini, akasema, "Mbwa anafanya kazi uliyompa. Unalia nini? Mwachishe."

Mchumba mwenyewe, nikuambie ukweli, nilikuwa nimemwona mara moja tu mnadani. Radi ndiye niliyemjua. Kwa hiyo nilitii kila neno la bibi. Radi akiruka, nampa mgongo, mikono kifuani, simsemeshi wala simsukumi, maana kwake hata kusukumwa ni mchezo. Miguu yote minne ikigusa ardhi, hapo hapo anapata tonge la ugali, tena chini, usawa wa pua yake. Aking'ata, nasema "Aa!" mara moja, naondoka. Halafu nampa kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe atafune mpaka achoke.

Siku mbili za kwanza alizidi. Alinirukia mgongoni nikapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, kaka yangu Mwita akacheka hadi akakaa chini. Nikaokota fimbo. Bibi akafoka, "Ukimpiga, Jumamosi atawaogopa wageni, na mbwa mwenye hofu ndiye anauma kweli!" Nikaiacha. Mwita naye akaonywa asimchezee kwa mikono tena. Siku ya nne Radi akaanza kusita. Ya sita akawa anakuja mbio, anafika, anakaa, ananitazama.

Jumamosi nilimpeleka mapema malishoni, nikamkimbiza mpaka ulimi ukamtoka. Wazee walipofika, baba alisimama mlangoni, mkuki umeegemea ukuta karibu na mkono wake. Radi akachomoka. Jamani! Mzee wa mbele, baba wa mchumba, alikuwa na shati jeupe pee. Radi akamfikia miguuni, akakaa kitako, mkia ukifagia vumbi.

Nilipiga kigelegele, mimi mwali mwenyewe, bila aibu! Kisha ndipo nikakumbuka kusema shikamoo. Mzee akacheka, akauliza nani amemfunza mbwa huyu. "Binti yangu," baba akajibu kwa kujivuna, akauchukua ule mkuki na kuurudisha ndani. Nilipoolewa, Radi alikuja nami Issenye, na hakumng'ata mtoto wangu hata mmoja.

Mwanangu, usimgawe mbwa, wala usimpige. Tazama kwanza mikono yako inamfundisha nini. Usimchekee leo kwa jambo utakalomfokea kesho, na nyumba nzima muwe na neno moja, maana mmoja akimchezea mmerudi mwanzo. Mchoshe kwa mbio, mpe cha kutafuna. Siku atakayozidi usikate tamaa, hapo ndipo anakaribia kuacha. Mungu akujalie subira, wageni waingie kwako wakicheka, na huyo mbwa azeekee mlangoni pako.