Ringi ya Lori na Mwalimu Chanzo

Mwenzangu wa meza moja katika ofisi ya walimu anafundisha Historia, na wanafunzi wamembatiza Mwalimu Chanzo. Mwanafunzi akisema vita fulani vilianza kwa sababu ya ardhi, yeye huuliza, "Chanzo chako?" Akiambiwa wali umeungua jikoni, huuliza, "Nani kasema?" Mke wake, ambaye ndiye muuguzi wa shule, aliwahi kuniambia kwamba hata chumvi ikiisha nyumbani, lazima amwonyeshe mkebe mtupu ndipo aende dukani.

Shule yetu ni ya bweni, ya serikali, na wanafunzi huja kwa miaka miwili tu kujiandaa kwa chuo kikuu. Kwa hiyo kila mwaka nusu yao ni wageni, na kila mwaka kipindi chao cha kwanza cha Historia ni kilekile. Mwenzangu huwatoa darasani na kuwapanga mbele ya ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya bwalo, ile tunayoigonga kwa nondo kama kengele. Lori hilo, huwaambia, ndilo lililoleta madawati ya kwanza ya shule. Mto ulikuwa umefurika, madaraja yamekwenda na maji, dereva akahangaika njiani siku tatu. Alipofika getini gari likazima, lisiwake tena. Mkuu wa kwanza akaamuru ringi yake itundikwe, ili kila asubuhi watoto waamshwe na gari lililofia kazini kwa ajili yao. Mimi nafundisha Jiografia, najua huku kwetu hakuna mto wa kufurika namna hiyo, lakini nilinyamaza. Anaisimulia vizuri mno.

Mwaka huu alikuwa anastaafu. Mkuu wa shule, mama anayependa sherehe, akaamua hadithi hiyo ichongwe kwenye jiwe la marumaru, na chini yake jina la mwenzangu. Fundi angekuja Jumamosi. Mwenzangu alijifanya hajali, ila nilimfuma mara mbili akiupima ukuta wa bwalo kwa rula ya ubaoni. Hajaandika kitabu, hajapewa cheo. Jiwe lile ndilo pekee ambalo lingebaki.

Sasa, ana kazi moja ambayo huitoa kila mwaka: chagua jambo linalosemwa hapa shuleni, umfuate kila aliyelisema mpaka ujue lilianzia wapi. Msichana mmoja tunayemwita Miwani akachagua ringi.

Alhamisi nilimkuta mwenzangu anasahihisha, kalamu nyekundu imesimama hewani. Nikadhani presha imempanda.

"Vipi, mwenzangu?"

"Soma."

Nikasoma. Mpishi mkuu aliisikia hadithi kwa mtunza stoo. Mtunza stoo aliisikia kwa karani. Karani na mkuu wa shule waliisoma kwenye jarida la shule. Aliyeandika lile jarida, ambaye sasa ni wakili, alipigiwa simu akasema alifundishwa darasani na mwalimu wake wa Historia. "Nina vyanzo vitano," Miwani alimalizia, "lakini vyote ni kimoja. Hicho sikukihoji, kwa kuwa ndicho kitakachosahihisha."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka, nikaona haya.

"Na wewe uliisikia kwa nani?"

"Mwaka wangu wa kwanza hapa," akasema polepole. "Mvua inapiga bati, darasa lina fujo, mimi kijana natetemeka. Nikaonyesha nje ya dirisha kitu cha kwanza nilichokiona."

"Ukatunga."

"Nimeisimulia mara nyingi mno. Hata sura ya dereva naikumbuka."

"Mpe sita kwa ishirini, maisha yaendelee. Fundi anakuja keshokutwa." Nilisema kwa utani, lakini nusu nilimaanisha. Jiwe lile nililitaka kuliko hata yeye.

Ijumaa alirudisha kazi zao. Mimi nilikuwa darasa la jirani, na ukuta wa katikati ni wa mbao, kila kitu kinasikika. Miwani alikuwa amepata kumi na tisa.

"Mwalimu, samahani, moja limekwenda wapi?"

"Hukumhoji mhusika mkuu. Uliogopa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Njoo hapa mbele. Fungua daftari."

Wanafunzi wangu wakaacha kuchora ramani. Sikuwakemea.

"Jina lako na kazi yako?" Miwani akauliza.

Akataja jina lake kamili, ambalo wengi wao walikuwa hawajawahi kulisikia. "Mwalimu wa Historia. Miaka thelathini na mmoja."

"Hadithi ya lori uliisikia kwa nani?"

"Sikuisikia kwa mtu. Niliitunga mwenyewe. Andika hivyo hivyo."

Mkuu wa shule alinuna siku nzima, lakini marumaru ilikuwa imeshanunuliwa. Jumamosi mwenzangu akampa fundi karatasi yenye maneno machache: *Ringi ya lori. Hatujui ilitoka wapi. Tafuta.* Jina lake hakuliandika. Fundi aliuliza mara tatu kama ni kweli.

Fundi alipoondoka, tulibaki wawili mbele ya ukuta.

"Alikuwa na sweta la kijani, yule dereva," akasema. "Limetoboka kiwikoni."

"Pole sana," nikamwambia, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa.