Nusu Saa Chini ya Boneti

Gari la shemeji yake lilikuwa na kasoro moja tu iliyomkondesha Fundi Mita: mbele yake halikugoma hata siku moja. Kila alipoitwa, aliinua boneti, akafanya yake mawili matatu, akasema "Piga!" na injini ikanguruma utadhani haijawahi kulala tangu itoke kiwandani miaka ishirini na minane iliyopita. Siku tano baadaye, au tisa, au kumi na saba, simu inaita alfajiri. Dada yake.

"Limekataa tena."

Ukizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, halafu kunasikika *tak* moja kavu kutoka kwenye stata, mota inayoamsha injini, na kimya.

Jina la Mita alipewa na majirani zake wa gereji, kwa sababu ya mita ya kupimia umeme iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni kama kitambulisho cha mfanyakazi wa serikali. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi umeme wa magari, katika kontena nyuma ya safu ya maduka, kati ya mchomeleaji vyuma na mama mmoja mshona viti vya magari. Makopo matupu ya maziwa yalijaa rafu zake, na kila kopo lilikuwa na kitu chake: rilei, fyuzi, vichwa vya betri, skrubu zisizo na pacha. Sheria yake ilikuwa moja. Habadilishi kifaa ambacho hajakiona kwa macho yake kikikosea. Mafundi wengine wakishindwa, leo wanabadilisha betri, kesho stata, keshokutwa swichi ya ufunguo, mpaka gari lipone au mwenye gari achoke. Hao aliwaita wapiga ramli, na aliwaita hivyo wakimsikia.

Shemeji yake alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alipaswa kuwa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu saa moja kamili asubuhi, katika kliniki iliyo mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Viti vilikuwa vinane na wagonjwa wengi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilieleza utaratibu bila kuremba: kiti kinamsubiri mtu robo saa, kisha anapewa mwingine; na atakayekosa mara tatu ndani ya miezi mitatu, nafasi yake inakwenda kwa aliye kwenye orodha. Pikipiki Mwalimu hakuiweza, miguu ilikuwa imevimba na kifua kilimbana. Teksi hazikupanda kilima chao wakati wa mvua hata ukizibembeleza. Lilikuwa gari hilo, vinginevyo hakuna.

Mara mbili gari lilikuwa limeshamkosesha kiti.

"Shemeji," Mwalimu alimwambia siku moja akiwa ameegemea mlango, anahema kwa ngazi tatu alizoshuka, "hili gari lina akili kukushinda. Linakujua. Likiona hilo limita lako linajifanya zima."

"Afadhali lenyewe lina akili, shemeji. Mwenyewe alifundisha hesabu miaka thelathini na hajui litagoma siku ya ngapi."

"Nimejaribu. Nimeandika tarehe zote. Hakuna hesabu hapo, ni ukorofi mtupu."

Walicheka wote, na dada mtu akapita na beseni la nguo bila kucheka.

Aliyemfumbua Mita macho alikuwa mchomeleaji, na hakukusudia. Mita alikuwa anamsimulia, kwa mara ya kumi labda, jinsi gari linavyomchezea. Mchomeleaji akavua miwani yake myeusi.

"Ukifika unafanya nini? Nieleze kama mimi ni mjinga."

"Nafungua boneti. Nasugua vichwa vya betri. Nakamata nyaya kubwa moja moja, nazitikisa nione kama kuna iliyolegea. Halafu napima."

"Na likiwa bovu unalipima saa ngapi?"

"Baada ya… kuzitikisa."

"Wewe hulitengenezi, mzee. Unalibembeleza, linanyamaza, unaondoka."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa akiwa kijana na bosi wake wa kwanza: kabla ya lolote, safisha na tikisa. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, kama mtu anavyopangusa miguu mlangoni. Na mahali fulani kwenye nyaya zile palikuwa na ugonjwa ambao mkono wake uliutuliza kwa siku chache na kuufuta usionekane. Mara nne alikuwa amekwenda kumkamata mwizi huku akipiga honi.

Jioni hiyohiyo alipanda kilima akamweleza dada yake. Likigoma tena, mtu asiguse kitu. Asifungue boneti, asirudie ufunguo, asiegemee hata mlango. Wampigie, aje alikute limekufa vilevile.

"Na kama ni siku ya kliniki?" dada akauliza.

"Dakika kumi zinanitosha."

"Umesema kumi."

"Kumi, dada."

Liligoma Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Mita alifika kwa pikipiki kasoro dakika kumi, koti limelowa. Mwalimu alikuwa tayari kiti cha nyuma, blanketi magotini, begi la kliniki pembeni. Dada alikaa kwenye usukani, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

Mita aliinua boneti, kisha akaweka mikono yake nyuma. Alifanya hivyo kweli, kama askari, kwa sababu aliona vidole vikienda vyenyewe kwenye waya.

"Mdogo wangu," dada alisema kupitia dirishani, "ukizitikisa litawaka?"

"Litawaka."

"Basi zitikise twende. Hii ndiyo ya tatu, unajua."

"Nikizitikisa litawaka leo. Jumamosi sijui. Jumanne sijui. Nipe zile dakika kumi."

Dada alimgeukia mumewe. Mwalimu alikuwa amefumba macho. "Mwache apime," alisema. "Tumechoka kubahatisha."

Alianza pale alipoanza siku zote, upande wa chanya. Betri: nzima, volti kumi na mbili na nusu. Akamwambia dada azungushe ufunguo. *Tak*. Betri haikuyumba. Stata ya gari lile ilifichwa chini ya injini, basi akapiga jeki, akaweka mawe, akalala kwenye matope huku akichunga kiwiko kisiguse waya wowote. Ncha ya mita iliteleza mara mbili kwenye chuma chenye mafuta. Waya mwembamba wa swichi ulileta umeme. Waya mnene wa chanya ulileta umeme. Stata ilipata kila kitu, na bado haikuzunguka. Akatoka chini, akakumbuka kwamba amebakiza upande mmoja tu, ule ambao bosi wake alimfundisha kuuacha mwisho kwa sababu hauharibiki mara kwa mara.

Akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Hapo, ufunguo ukizungushwa, mita inatakiwa isome karibu na sifuri.

"Piga."

*Tak*. Tisa na nusu.

Alisoma mara mbili. Karibu umeme wote wa betri ulikuwa unafia ndani ya waya mmoja mfupi, ule unaofunga hasi ya betri kwenye injini, uliovaa plastiki nyeusi isiyo na doa. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kufurahi hivyo juu ya namba. "Nimelipata!" alipiga kelele. "Dada, nimelipata!" Akachukua waya mnene wa kuazimia moto wa gari jingine, akauunganisha kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini. Dada akazungusha ufunguo bila kuambiwa, na gari likawaka kwa kufumba na kufumbua.

Ndipo alipotazama saa ya dashibodi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili.

Walifika kliniki saa moja na dakika ishirini na tano. Kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani alikuwa amekaa mwanamke mwenye kilemba cha kijani, mirija imeshafungwa mkononi mwake. Muuguzi hakuwa mkali. Aliwaonyesha daftari la mahudhurio, mistari mitatu myekundu, akasema angeandika sababu, ila sababu haziongezi viti. Mwalimu akawa wa sita kwenye orodha. Angesafishwa siku yoyote ambayo mtu hatakuja, wapigiwe simu waje mbio.

Ijumaa Mita alikata waya ule mzee kwa kisu. Ndani ya plastiki nyeusi, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nyuzi sita au saba ndizo zilizobaki zikigusana zikipenda. Akatengeneza mpya, mnene mara moja na nusu, akaubana kwa nyundo na kuuchomelea. Tangu siku hiyo gari halijagoma. Linawaka kwa mguso wa kwanza, kwenye mvua, kwenye baridi.

Wiki ya tatu simu ya kliniki ilikuwa imewaita mara mbili tu. Mwalimu hakuwa anavaa viatu tena, havikuingia. Alilala ameketi, mito minne mgongoni, na utani wake ulikuwa umefupika: aliinua kidole kumsalimia shemeji yake, basi.

Dada alimsindikiza Mita hadi getini. Hakuwa amemlaumu hata kwa neno moja, na Mita alikuwa ameanza kutamani amlaumu.

"Nataka kukuuliza kitu, usinifiche," alisema. "Ile kazi ya Alhamisi. Ungelitikisa tukaenda, ungeweza kuifanya Ijumaa?"

Mita alikuwa amejiuliza swali hilo kila siku, na jibu lake alilijua kama anavyojua rangi za nyaya.

"Kupima, hapana. Ijumaa lingekuwa linawaka, nisingeona kitu."

"Na ule waya? Ungeubadilisha tu, bila kuona?"

Barabarani lori lilipita, wakangoja lipite.

"Ningeweza kubadilisha nyaya zote mbili nene, ule wa chanya na ule wa hasi," alisema. "Ni kazi ya saa moja."

Dada aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anahakikisha tu. Kisha akasema inabidi arudi ndani amgeuze mumewe, na akarudi ndani.