Kozi za Watu na Kozi za Makoti

Niliripoti kazini asubuhi ya Jumatatu, tarehe 5 Februari 1973, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, viatu vya kuazima, na cheti cha kidato cha nne nilichokipata nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Nilitoka Kasubi, mtaa wa Kampala, kwa miguu hadi kilima cha Chuo Kikuu, nikavipangusa viatu kwenye nyasi za lango kuu, kisha nikaingia ofisi ya udahili kana kwamba nimezaliwa humo.

Cheo changu kilikuwa karani wa uthibitisho. Nieleze, kwa kuwa kazi hiyo haipo tena. Mwanafunzi wa kidato cha sita alitaja kozi tatu, ile aipendayo zaidi ikitangulia, kabla ya kufanya mtihani wake wa mwisho. Alama zilipotoka, ofisi ilimgawia mojawapo. Mwezi Julai, muhula ulipofunguliwa, alisimama mbele ya dirisha langu akatamka kwa kinywa chake kama anaikubali, au anaomba nyingine yenye nafasi. Huo ndio uliokuwa uthibitisho. Baada ya wiki mbili dirisha lilifungwa, na kuhama kozi kulitaka sababu iliyoandikwa pamoja na saini ya Msajili Msaidizi.

Msajili Msaidizi wa kwanza niliyemtumikia alikuwa mtu wa tai iliyonyooka na maneno machache.

"Bibi," aliniambia siku hiyo hiyo ya kwanza, "wewe unathibitisha. Hushauri. Kushauri ni kazi ya mwenye shahada."

"Na mtoto wa watu akiniuliza asome nini, mzee?"

"Mwambie: tafadhali, anayefuata."

Nilimtii kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo nilijifunza jambo ambalo hakuna shahada inayolifundisha. Wahadhiri wa kigeni walikuwa wamekwisha kuondoka nchini, na wenyeji nao walianza kuikimbia serikali ya kijeshi, ila wao hawakuaga. Mhadhiri aliyekusudia kuvuka mpaka aende Nairobi alifika ofisini kama kawaida, akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akauacha mlango wazi, kisha akatoka kama mtu anayekwenda msalani. Koti lilimpatia siku mbili tatu. Aliyekuja kumtafuta alichungulia, akasema hayuko mbali, akaketi kumngoja.

Mwezi Machi 1974 nilimpelekea Msajili Msaidizi chai ya saa nne, nikalikuta koti. Nilimpelekea nyingine saa kumi. Kesho yake sikupeleka.

Tangu hapo, kila mwezi Juni, kabla wanafunzi wapya hawajafika, nilipita kwenye korido za vitivo vyote. Nilitazama makoti. Koti linaloondoka jioni na kurudi asubuhi lina mtu. Koti lenye vumbi mabegani halina. Kwa hiyo kijana aliponiuliza, sikumwambia tena "anayefuata". Nilimuuliza: "Kozi unayoitaka, ni ya watu au ya makoti?" Maana jina la shahada lilikuwa limebaki zuri kwenye orodha, lakini mwaka wa tatu ungefika na hakuna wa kuifundisha. Wengi waliniona mwanamke wa ajabu. Wachache walikwenda kutazama wenyewe, nao walirudi kunishukuru.

Hapa lazima nitaje la nyumbani, kwa sababu kazi yangu haikutengana nalo. Mume wangu, mtu mrefu, alikuwa mkaguzi wa mabehewa kule Port Bell, mahali ambapo mabehewa ya reli hupakiwa kwenye feri. Jumatatu, tarehe 17 Juni 1974, alikwenda kazini na shati tu, kwa kuwa kulikuwa na joto. Koti lake lilibaki nyuma ya mlango. Wenzake walisema aliitwa na watu wawili wenye sauti za upole. Hakurudi. Hakuna aliyethubutu kunipa pole, kwa kuwa pole hutolewa msibani, na msiba huhitaji maiti. Sikuwa mke tena, wala sikuwa mjane. Nilikwenda kazini Jumatano.

Msajili Msaidizi wa pili alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuogopa. Chini yake ndipo nilipokutana na Akello.

Alikuja dirishani Julai 1975 pamoja na baba yake, koplo katika gereza kubwa lililo karibu na bandari, mtu wa kaskazini aliyepiga sare yake pasi mpaka ikasimama yenyewe. Miaka hiyo kutoka kaskazini, kwa wengi, kulikuwa kosa tosha. Koplo alisema Kiswahili cha kambini, na alikisema kwa heshima.

"Jambo, mama. Huyu mutoto yangu, Akello. Yeye nataka sheria. Mimi nakataa."

"Kwa nini, Afande?"

"Mama, mimi nachunga mulango ya jela. Mimi naona nani naingia. Wakili naingia. Hakimu naingia. Mwalimu ya siasa naingia na miwani yake. Mutu ya miti?" Alitikisa kichwa. "Hata moja mimi sijafungulia mulango. Andika yeye misitu. Miti hapana sema."

"Baba anachagua kozi kama mtu anayetafuta mahali pa kujikinga mvua," Akello aliniambia.

"Wewe nyamaza. Mvua nakwisha, utachagua."

Kwa kipimo changu koplo alikuwa na haki. Shahada ya misitu ilikuwa kozi ya watu. Makoti yake yote yalikwenda nyumbani jioni. Kitivo cha sheria kilikuwa na makoti mengi kuliko mabega. Nilimweleza binti hivyo. Alinitazama, akamtazama baba yake, akasema, "Nathibitisha misitu," kwa sauti ya mtu anayekiri kosa asilolitenda. Koplo alinipigia saluti.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 1975, nilimkuta Akello amesimama mbele ya dirisha kabla sijalifungua.

"Nataka kuhama, Mama Kizza. Nataka sheria."

"Dirisha limefungwa tangu Julai, mwanangu. Na wewe ndiye unayeongoza darasa lenu."

"Najua."

Nilimwingiza chumba cha nyuma, nikafunga mlango. Aliniambia kwamba Ijumaa walipelekwa kwenye msitu wa mikaratusi, barabara ya Jinja, wajifunze kupima. Mti uliosimama huzungushiwa utepe kwenye kimo cha kifua, na kutokana na unene huo hukadiriwa mbao zitakazopatikana. Ni somo la kwanza kabisa la mwanamisitu.

"Tulinusa kabla hatujaona," alisema. "Mhadhiri akasimama. Ukingoni mwa msitu palikuwa na gari, na watu ndani yake wanatutazama. Akatuambia, 'Pimeni miti. Miti tu.' Tukapima. Mimi nilishika utepe, mwenzangu akaita vipimo kwa sauti. Lakini ukizunguka mti, Mama, lazima utazame chini, ujue mguu wako unauweka wapi."

Nilikuwa nimekula kiapo cha kutomuuliza mtu yeyote swali moja. Nilimuuliza.

"Palikuwa na mwanamume mrefu?"



"Mama Kizza, pale hakuna aliyekuwa mrefu."

Kisha nikainuka, nikamshika mkono, nikamwingiza kwa Msajili Msaidizi.

"Nnyabo, mama, tuko katikati ya muhula!" alilalamika. "Anayehama sasa ataulizwa, na aliyemhamisha ataulizwa. Sababu ni nini?"

Ofisi ilizijua sababu tatu: ugonjwa, ndoa na kufeli. Nilimwambia kwamba hajafeli.

"Basi aolewe!" Akacheka peke yake. Alipouona uso wa binti, aliacha. Nadhani alikwisha kuelewa. Habari za waliotupwa msituni mle zilijulikana na kila mtu, na hazikusemwa na yeyote. Alishusha sauti. "Kifua, basi. Mikaratusi huleta kifua. Daktari ataandika."

"Sina kifua, mzee," Akello alisema.

"Utakuwa nacho mpaka nitakapotia saini."

"Siwezi kuingia kwenye sheria kwa uongo."

"Binti, unataka tufe sisi sote kwa ajili ya ukweli wako?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Ukweli ungetuua watatu, na mhadhiri wake, na wenzake walioshika utepe. Uongo aliukataa. Mlango pekee wa kuingia sheria ulikuwa unafungwa mbele ya macho yake, na niliona anajua hivyo, kwa jinsi alivyoshika ukingo wa meza.

Ndipo nikafanya kazi niliyokatazwa siku ya kwanza. Nilimuuliza, "Mwezi Julai, kama baba yako asingekuwapo, ungeniambia nini pale dirishani?"

"Ningesema ninaipenda sheria. Tangu nikiwa mdogo, nikiwaona watu wanaingizwa mle gerezani na hakuna anayewasomea kosa lao."

"Andika maneno matatu ya kwanza. Mengine yaache moyoni."

Akaandika: Ninaipenda sheria. Kwa hesabu ni mawili; kwake yalikuwa matatu. Neno la kwanza, alisema baadaye, lilikuwa na uzito wa mawili.

Msajili Msaidizi aliisoma sababu hiyo, akacheka mpaka akavua miwani. "Kupenda! Tangu nikalie kiti hiki hakuna aliyeniletea sababu ya namna hii. Kampala hii bado kuna mtu anapenda kitu?" Alitia saini akiendelea kucheka, lakini alichungulia koridoni kabla hajaturuhusu kutoka.

"Sheria ni kozi ya makoti," nilimwonya Akello mlangoni.

"Basi atakayebaki ndiye atakayenifundisha."

Ijumaa ya wiki hiyo kijana mmoja wa viatu vya soli nene na miwani myeusi aliegemea dirisha langu. Alijiita mwanafunzi, ingawa hakuwahi kuuliza ratiba.

"Mama, habari? Nasikia kuna msichana wa misitu amehama. Aliona nini huko?"

"Aliona hesabu nyingi," nilisema. "Na ameandika sababu yake. Soma."

Alisoma huku midomo ikichezacheza. Kisha alipasuka kicheko, akapiga dirisha kwa kiganja.

"Anaipenda! Wanawake, bwana. Mwaka kesho atapenda kushona." Akaenda zake akiwasimulia wengine koridoni. Nami nikalifunga dirisha.

Akello alisoma sheria katika kitivo kilichokuwa kikipungua kila mwezi. Somo la ushahidi alifundishwa na mzee mmoja mgonjwa wa pumu ambaye, hata kwenye joto la adhuhuri, hakuwahi kuvua koti mbele ya wanafunzi, ili wasije wakaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1977 koplo baba yake alichukuliwa kutoka kwenye lango alilolilinda. Hakuwa amesomea sheria, wala miti, wala chochote.

Serikali ile ilipoanguka Aprili 1979, watu wengi walikwenda msituni kuwatafuta watu wao. Mimi nilikwenda Mei, nikiongozwa na Akello, aliyekumbuka njia. Sikumpata mume wangu, wala yeye hakumpata baba yake. Sitalieleza zaidi ya hapo.

Sheria humtaka mtu aliyepotea angojwe kwa muda maalumu kabla ya kuhesabiwa kuwa amekufa. Muda huo ulipotimia, Akello, ambaye sasa alikuwa wakili, na ambaye mama yake mzazi alikuwa bado anangoja muda wake, alisimama kwa ajili yangu mbele ya hakimu, Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1981. Hakimu aliuliza kama kuna kaburi.

"Hakuna, Mheshimiwa," Akello alijibu. "Mama huyu hana cha kuionyesha mahakama ila miaka. Ninaomba aitwe kwa jina lake."

Amri ilitolewa kabla ya saa sita. Ndiyo maana nikiitwa mjane huitika nikiwa nimeinua kichwa: wenzangu wengi jina hilo walipewa na mauti, mimi nililidai mahakamani na nikalipata. Jioni hiyo nililitoa koti lake nyuma ya mlango, nikalifua, nikalianika uani. Kivuli cha vifungo vyake kilibaki kwenye ubao wa mlango, na bado kipo.

Mwaka 1983, nikiwa na miaka arobaini na mitano, baada ya kufaulu mtihani wa watu wazima, nilijisajili mwenyewe kwa shahada ya historia. Msajili wa wakati huo, mwanamke kijana aliyenizidi kwa elimu na si kwa mengine, aliniuliza kama itaniongezea mshahara. Nilimjibu kwamba haitaongeza hata senti. "Basi kwa nini, Mama?" Nilimwambia aisome sababu niliyoiandika. Nilistaafu tarehe 30 Juni 1993, na koti langu niliondoka nalo.

Siku hizi vijana hunifuata hapa Kasubi wakiuliza shahada gani ina kazi. Ni swali la haki. Tumbo nalo lina haki yake. Mjukuu wangu alikuja wiki iliyopita na kozi yenye mshahara mzuri. Nilimwambia aende kwanza kwenye korido ya kitivo hicho wakati wa jioni, awatazame watakaomfundisha wanapotoka, awaone kama ni watu. Kisha nikampa karatasi aandike sababu yake, aiandike kama itakayosomwa na mtu anayemtakia mabaya, aone kama itaweza kusimama mbele yake.

Aliishika kalamu kwa muda. Kisha aliniomba karatasi aende nayo nyumbani.