Blanketi la Shangazi

Nilirudi Johannesburg na diploma ya bustani kutoka Uingereza. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini, sikumwomba mtu hata senti. Nilijua majina ya Kilatini ya mimea mingi kuliko majina ya majirani zetu wa mtaa wa Malvern, na nilihakikisha kila mmoja wao anajua hivyo.

Shangazi, aliyenilea, alikuwa na mti wa asmini ndani ya kopo la rangi. Tawi lake alilitoa Tanga, uani kwa mama yake, na kila kipupwe aliuhamishia mti huo jikoni. Desemba mjukuu wake alikuwa anaolewa Mayfair, mtaa mwingine wa mji huo huo. Shangazi alitaka kikuba cha kifuani cha bibi arusi kitungwe kwa maua ya mti ule, si mengine.

"Jasminum sambac," nilimwambia. "Jedwali la kanda za baridi linasema mti huu unahimili baridi ya mji huu. Unautesa kwenye kopo. Tuupande ardhini, utoe maua ya kutosha."

"Mwanangu, uani kwangu ni bondeni. Baridi ikishuka inalala hapa hapa."

"Shangazi, mimi nimesomea."

"Haya, msomi."

Tukaupanda. Jioni moja ya Juni nikakuta ameufunika kwa blanketi lake la kulalia. Majirani walikuwa wanapita, nikaona aibu, mtaalamu mzima. Nikalitoa blanketi, nikalikunja, nikamrudishia. Alilipokea, akaingia nalo ndani.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Majani ya asmini yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Nilingoja hadi Oktoba mizizi ichipue. Haikuchipua.

Namba ya ukanda wa baridi kwenye jedwali lile hupimwa kwa eneo kubwa, haijui bonde la uani kwa mtu. Nilifanya mtihani wa jambo hilo hilo, nikapata alama za juu.

Harusini bibi arusi alivaa kikuba cha mawaridi ya dukani. Nilikuwa mlangoni na sinia la pilau, nikamsikia mama mmoja akimuuliza shangazi, "Na ile asmini ya marehemu mama yako, bibi?"

"Mwaka huu haikutoa," alijibu shangazi. Aliniona nimesimama pale, akageukia wageni wengine.

Wiki iliyofuata nilimpelekea asmini ya aina nyingine, yenye lebo ya tuzo. Nikamsomea lebo hiyo.

"Tuzo hiyo wameitoa wapi?"

"Uingereza, shangazi."

"Basi ngoja kwanza izoee kwangu."

Akaleta kopo lile lile la rangi. Nilijaza udongo, nikaupanda mti, nikaupeleka jikoni, na jina lake la Kilatini sikulitaja.