Laptop Iliyokuwa Ikipumua

Laptop ilinifikia kijijini kwetu Kasekese ikiwa bado kwenye boksi lake. Kaka yangu aliyeinunua Dar alikuwa ameizungushia utepe wa gundi mpaka nikahangaika kuifungua, na juu ya boksi ameandika kwa kalamu nene: USITUPE, NI KIOO. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma shahada kwa masafa. Kazi za chuo zilitakiwa kuchapwa na kutumwa mtandaoni, na nilikuwa nimechoka kuandikia kwenye simu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mwanangu wa kike ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuja kunisaidia kulea. Mume wangu mwenyewe alikuwa Kibaoni kwenye mavuno ya mpunga. Sisi tulikuwa tumeshavuna mahindi, na magunia tuliyapanga sebuleni juu ya mbao zilizoachiana nafasi ili yasipate unyevu wa sakafu. Sebule ile ilikuwa na soketi moja tu, nayo ilikuwa ukutani palepale penye magunia. Basi meza tukaisogeza huko. Nikaitandikia kitambaa changu cha kufuma, kile cha wageni, nikaweka laptop juu yake kama mtu anavyomlaza mtoto mchanga.

Siku ya pili ikaanza kulia. Tiki-tiki-tiki, haraka haraka, halafu mvumo wa juu kama wa nyuki, halafu tiki-tiki tena. Niliondoa mikono kwenye vitufe. Wifi akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wifi, zima! Zima hiyo kitu! Kule kwetu simu ya mtu ililia hivyohivyo, ikachoma godoro."

"Ililia au ilipata moto?"

"Ililia, ikapata moto, ikachoma godoro. Nyie watu wa shule mnataka mpaka nyumba iungue ndiyo mwamini."

Sikumcheka. Nilichomoa waya, nikaibeba laptop mbele yangu huku nimenyoosha mikono, nikaiweka uani juu ya jiwe la kufulia. Tukasimama mbali, wifi amembeba mtoto, tukaitazama. Ilizimika yenyewe. Haikutoa moshi. Hata hivyo jioni ile niliilaza kwenye banda la kuni, na kila nilipogeuka kitandani nilihisi nanusa kitu kinaungua.

Jumamosi nikaizungushia kanga, nikapanda bodaboda mpaka Mpanda mjini, nikamtafuta fundi mmoja wa kompyuta, mtaa wa Makanyagio, ambaye walimu wenzangu walikuwa wakimsifia. Kachumba kake kalikuwa kamebanwa kati ya saluni na duka la makava ya simu. Aliiwasha, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaigeuza tumbo juu na kuimulika na tochi ya simu.

"Madam, hii ulikuwa umeiweka juu ya nini?"

"Kitambaa."

"Cha kufuma?"

"Ndiyo."

Akachukua kibano, akakiingiza kwenye matundu ya chini, akavuta taratibu. Ukatoka uzi mweupe, mrefu kama kidole, umejiviringisha. Nikaona aibu kama mtu aliyekutwa na nguo ya ndani inaning'inia.

"Hapa ndani kuna feni," alisema. "Inavuta hewa kutoka chini. Imevuta na kitambaa chako. Ndiyo ilikuwa inagonga tiki-tiki. Mashine ni nzima kabisa. Iweke juu ya mbao tupu."

"Na kule kuvuma?"

"Itavuma tu ikipata joto. Inapumua, madam. Ukisikia inapumua usiogope. Na ukishikwa na wasiwasi, izime kabisa, chomoa chaja, halafu sikiliza. Ikishazimwa haina cha kulia."

Nilirudi nyumbani nimetulia. Kitambaa nikakikunja kabatini, laptop nikaiweka juu ya mbao tupu, nikaanza kazi. Tiki-tiki ilikuwa imekwisha. Baada ya muda nikasikia sauti nyingine, nzito, ndefu, kama mtu anayetoa pumzi kupitia meno: fffuuuu. Ikakatika. Nikasubiri. Fffuuuu. Nikatabasamu peke yangu. Inapumua, nikasema.

Wifi hakutabasamu. "Mbona haipumui wakati wote?"

"Ikipata joto."

"Sasa hivi ndiyo umeiwasha."

Nilikuwa nimeshachoka kuogopa, na fundi alikuwa amenipa maneno ya kunitosha. Nilikaa pale kila mchana nikitoka shuleni. Nina tabia ya kuvua viatu nikiandika, na miguu nilikuwa nikiiegemeza kwenye gunia la chini, nikilisukumasukuma nikiwa nafikiria neno. Mtoto alipenda kucheza chini ya meza kwa sababu ya waya wa chaja. Aliuvuta, aliutia mdomoni, akanyamaza huko muda mrefu. Nilimshukuru Mungu kwa mtoto asiyesumbua. Laptop ikapumua, nami nikaandika.

Jumapili moja, tukiwa tumetoka kanisani na kula, niliketi kumalizia kazi iliyokuwa imekaribia mwisho wake. Wifi alikaa kizingitini na ungo, anachambua maharage. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia, na hata picha haijatokea vizuri kwenye kioo, sauti ikaja. Safari hii ilikuwa kubwa. Ilivuta hewa ndani kwanza, kisha ikaitoa kwa nguvu.

"Wifi," alisema mwenzangu bila kuinua macho kwenye ungo, "hilo dude si lilishatengenezwa?"

"Ni feni."

"Feni gani inakasirika?"

Nikaiwekea kiganja. Ilikuwa ya baridi. Ya baridi kabisa, kama sahani iliyokaa kabatini. Hofu ya kwanza iliyonijia ilikuwa ileile ya godoro. Nikafanya kama fundi alivyonielekeza. Nikaizima, nikabonyeza mpaka taa ya pembeni ikafa. Nikachomoa chaja kwenye laptop, nikanyoosha mkono nikaichomoa na ukutani. Nikasikiliza.

Fffuuuu.

Ilitokea chini. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya laptop, nayo haikuwa na mtikisiko wowote, lakini kwenye nyayo zangu, pale zilipogusa gunia, nilihisi kitu kinajaa na kupungua.

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyojua. Sikuwa nimeona chochote. Nilijua kwa miguu. Kitu kimoja tu kikabaki kichwani.

"Wifi," nilisema polepole, "usiinuke. Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko hapo chini yako, ameshika waya wake." Kisha akainama kidogo kutazama, na ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika sakafuni. Alijiziba mdomo kwa mkono. Alipouondoa alinong'ona, "Wifi, kati ya mbao za magunia kuna kichwa. Kinamtazama mtoto."

"Kiko karibu?"

Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

Kama ningevuta miguu, gunia lingetikisika. Kama ningeinama kumshika, ningeingiza mkono mbele ya kile kichwa. Kama wifi angekuja mbio, sakafu yote ingetetema. Nilitazama chini taratibu. Nilimwona mwanangu amekaa, mgongo kwa magunia, anatafuna waya. Ncha ya pili ya waya ule ilikuwa mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimeichomoa.

Nikavuta. Kidogo tu. Waya ukamtoka mdomoni na akaukamata kwa mkono. Nikavuta tena. Akacheka. Ni mchezo aliokuwa anaupenda. Akainama, akaweka magoti chini, akaanza kuufuata. Nilikuwa nikiuvuta kuelekea upande wa mlangoni, mbali na magunia, na miguu yangu mimi bado imeegemea palepale, haikusogea hata kidogo. Sauti ikaja tena, ndefu, nikahisi upepo wake kwenye kifundo cha mguu, au nilidhani nimeuhisi. Nilikuwa nasali lakini sikumbuki maneno. Nadhani nilikuwa nikisema "njoo" tu. Njoo mama, njoo, njoo.

Alipopita kiti, wifi aliteleza kwa tumbo juu ya maharage, akamkamata mkono, akamvuta mpaka nje. Nilisikia mtoto analia kwa hasira huko uani. Ndipo nikainua miguu, mmoja, kisha mwingine, nikapanda juu ya kiti, na kutoka kwenye kiti nikaruka mpaka kizingitini. Laptop ilidondoka sakafuni. Sikugeuka kuiangalia.

Tulipiga kelele hapo sasa, kelele za siku nyingi. Jirani yetu, mwalimu mwenzangu, akaja na wanaume wengine wawili na miti mirefu. Walivuta magunia kwa mbali wakitumia jembe. Alikuwa moma, nyoka wa sumu kali, mnene kama mkono wa mtu mzima, amejikunja ndani ya ile nafasi ya kati ya mbao, na hakukimbia. Moma hana haraka. Alijaza mwili hewa akaitoa, fffuuuu, na niliposikia sauti ile nikiwa nje kwenye jua, katikati ya watu, nikakaa chini. Nilikuwa nimeisikia kila mchana kwa siku nyingi. Nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nimetabasamu.

Walimuua. Nyuma ya magunia wakakuta viota vya panya, na jirani akasema panya ndio waliomwita, na baridi ya msimu ule ndiyo iliyomweka. Walikagua nyumba nzima mpaka darini.

Nikampigia simu mume wangu. Nilimweleza juu ya nyoka, juu ya majirani, juu ya laptop kupasuka kona. Nilishindwa kufika kwenye habari ya mtoto. Wifi akaninyang'anya simu. "Kaka," alisema, "mtoto alikuwa amempa nyoka mgongo." Nikamsikia mume wangu akisema tu, "Nakuja."

Laptop nilipoiwasha ilikubali. Kazi niliimalizia shuleni, kwenye meza ya ofisi ya walimu, nimekunja miguu juu ya kiti kama mwanafunzi asiye na adabu, na hakuna aliyeniuliza.

Lakini mtoto sikumweka chini. Nilimbeba nikipika, nilimbeba nikisahihisha madaftari, nilimlaza tumboni kwangu. Akiwa mgongoni mwa wifi nilikuwa natembea nyuma yao nikitazama njia. Mume wangu alipofika aliondoa magunia yote akayapeleka kwa jirani, akaziba kila ufa kwa saruji, akaniambia sasa basi. Haikusaidia. Mtoto alikuwa analia akitaka kushuka, ananisukuma kifua kwa viganja.

Asubuhi moja wifi alitandika mkeka uani, mahali peupe pasipo hata jani. "Wifi," aliniambia, "atasahau kutambaa huyu. Mlete."

Nilimleta. Nilichukua muda kumwachia. Wifi alichuchumaa upande mmoja wa mkeka, mimi nikachuchumaa upande wa pili, na mtoto akakaa katikati akitutazama kwa zamu, hajui twataka nini. Kisha akaweka viganja chini, akaanza kwenda, na sisi wawili tukawa tunatambaa naye kila upande, tunatazama mchanga ulio mbele yake.