Ishirini na Tisa kwa Sifuri

Ghala letu lilikuwa Clairwood, na bosi wetu alikuwa amecheza besiboli tangu shuleni. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lililochezwa kule kule lilipokwisha, alitangaza kwamba sisi wa ghalani tutacheza na watu wa ofisini, Jumamosi, kwenye kiwanja kimoja cha Queensburgh. Tuliomba iwe mpira wa miguu. Akasema huo tumeutazama mwezi mzima, sasa tujifunze kitu kipya. Msimamizi akaandika majina yetu na kutuambia kwamba asiyefika asije akamlaumu mtu.

Tulikuwa Warundi, Wakongo na Watanzania wawili. Hakuna aliyewahi kushika lile gongo la kupigia mpira. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mrundi mwenye mabega mapana, ndiye aliyekuwa akipandisha magunia juu kabisa ya rundo, kwa hiyo tukampa kazi ya kurusha mpira. Watu wa ofisini wao walileta marafiki kutoka klabu ya bosi, wenye viatu vya meno na glavu zilizolainika kwa kuvaliwa miaka.

Mrushaji anamtupia mpira mwenye gongo. Huyu akiupiga mbali, anakimbia kuzunguka vituo vinne, na kila anayemaliza mzunguko amepata pointi. Zamu ya kwanza tu walimaliza mara kumi na moja. Sisi tulipopewa gongo, watatu wetu waliukosa mpira mmoja baada ya mwingine, na zamu yetu ikaisha. Haikuchukua hata dakika tano.

Kufika zamu ya tatu shemeji alikuwa anajikanda bega kila baada ya kurusha. Nikamfuata.

"Shemeji, niachie mimi."

"Jaribu," akasema.

Mipira yangu miwili ilidunda njiani, haikumfikia hata mpigaji. Wake wa watu wa ofisini, waliokaa kwenye viti vya kukunja, waliangua kicheko. Nikamrudishia mpira.

Mwamuzi alikuwa mzee wa Kihindi, mtu wa maneno machache. Alikwenda kwa bosi, aliyekuwa amesimama kando ya moto wa braai, wa kuchomea nyama. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Pengo limekuwa kubwa mno," mzee akasema. "Sheria inaruhusu tumalize hapa."

"Nyama bado," bosi akajibu. "Watu wamekuja na familia zao. Waache wacheze."

Basi tukacheza mpaka nyama ikaiva. Ishirini na tisa kwa sifuri. Ukiacha ile yangu miwili, shemeji alirusha yote, hakuna mwingine aliyempokea. Wakati wa picha bosi alimzungushia mkono begani, akamwambia, "Eish, wewe ni mashine." Shemeji akatabasamu, maana tulikuwa tumeambiwa tutabasamu.

Jumatatu hakuweza kuinua mkono kupita kifua. Kliniki wakasema mshipa wa bega umechanika, apumzike miezi. Ofisini wakasema hakuumia kazini. Ule ulikuwa mchezo, na kila mtu alikuja kwa hiari yake.

"Hiari iko wapi?" shemeji akawauliza. "Majina yaliandikwa. Mwiteni shemeji yangu, alikuwepo."

Wakaniita. Bosi alikuwa ameketi, msimamizi amesimama mlangoni. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha mwezi ule, na barua ya kuniombea kipya ilikuwa inasubiri sahihi ya bosi.

"Mlilazimishwa?" bosi akauliza, kwa upole kabisa.

"Tulialikwa," nikasema.

Hawakuniuliza zaidi. Barua ilisainiwa siku ile ile. Wiki ya tatu mtu mwingine alikuwa anapandisha magunia, na shemeji alikuwa analinda magari nje ya maduka kule Bluff, akiwaelekeza madereva kwa mkono wa kushoto.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, kaka yake amekuja kula kwetu.

"Hivi wewe ofisini ulisema nini siku ile?"

"Sikuulizwa kitu," nikamjibu.

Shemeji alikuwa ameketi mbele yangu, anakunywa chai. Alinitazama, akaweka kikombe chini, akamwomba dada yake amwongezee sukari.